Matini Ipi? Filamu Bubu Zilizokarabatiwa na Wajibu wa Mhakiki

UTANGULIZI

Mhakiki wa fasihi hufunzwa mapema kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: matini anayoishughulikia ni ipi? Anayehakiki Al-Inkishafi hawezi kulikwepa swali hili. Miswada ya utenzi huo hailingani kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio wake, na toleo la Hichens la mwaka 1939 ni zao la maamuzi ya mhariri. Si sauti ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iliyotufikia bila kupitia mikono ya watu. Hali kadhalika, anayesoma tungo za Muyaka bin Haji huzisoma baada ya kukusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na baada ya kupangwa na wahariri waliofuata. Mambo haya yamezoeleka katika taaluma yetu, na hakuna mwanafunzi wa uzamili ambaye angethubutu kuwasilisha tasnifu juu ya utenzi wa kale bila kutaja mswada au toleo alilolitumia.

Ajabu ni kwamba mhakiki huyo huyo anapoigeukia sinema, tahadhari hiyo humtoka. Huitwaa diski, huitazama, kisha huandika kwamba Fritz Lang amefanya hivi na Carl Theodor Dreyer amefanya vile, kana kwamba kilichomo ndani ya diski kilitoka mikononi mwa msanii kikaingia machoni pa mtazamaji bila kupita popote. Kosa hili lina uzito wa pekee katika filamu bubu, kwani huko ndiko matini zilikoharibika, zikakatwa na kuunganishwa upya kuliko kwingineko kote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba filamu bubu iliyokarabatiwa na kutolewa katika kanda au diski za kutazamwa nyumbani ni toleo la kihariri kwa maana kamili ya neno hilo, na kwamba yafaa isomwe hivyo. Tutajikita katika filamu mbili, Metropolis ya Lang (1927) na The Passion of Joan of Arc ya Dreyer (1928). Tunadai kuwa tofauti baina ya matoleo ya filamu hizi hugeuza maana, hugeuza wahusika, na mara nyingine huibatilisha hukumu iliyokwisha kutolewa na wahakiki. Tunadai pia kuwa mkusanyaji wa diski hizo, ambaye aghalabu huonwa kama mtu wa kujifurahisha tu, ametekeleza kazi ambayo wanataaluma wanapaswa kuitambua na, inapobidi, kuikosoa.

NAKALA NA MNAKILI

Filamu nyingi za enzi ya sinema bubu zilichapwa kwenye ukanda wa naitreti, kitu kinachoshika moto kwa wepesi na kuoza kisipohifadhiwa vyema. Hata hivyo, moto na uozo havikuwa maadui pekee. Sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu za awali zilipoteza soko, na wenyewe hawakuona sababu ya kuzilipia ghala. Utafiti wa David Pierce uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulibaini kwamba, kati ya filamu ndefu za bubu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa na kampuni za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la kwanza. Nyingine zilizosalia zimo katika nakala za ugenini, katika nakala zilizopunguzwa ukubwa, au ni vipande tu.

Kwa hiyo, anayekarabati filamu ya aina hii haanzi na matini safi iliyochakaa. Huanza na rundo la nakala zinazopingana. Nakala moja ilipunguzwa na mkaguzi wa serikali. Nyingine ilifupishwa na msambazaji aliyetaka maonyesho mengi kwa siku. Ya tatu ilibadilishiwa vibao vya maandishi ili ieleweke katika lugha nyingine. Mtafiti wa tendi atayatambua mazingira haya. Mnakili naye alisahihisha alichodhani ni kosa, aliacha ubeti uliomtatiza, na pengine aliongeza wake.

Kuna jambo jingine linalotatiza zaidi. Katika utenzi twaweza angalau kukisia kwamba palikuwa na mswada mmoja wa kwanza, hata kama umepotea. Filamu kubwa za miaka ya 1920 aghalabu zilizaliwa zikiwa zaidi ya moja. Metropolis ilitayarishiwa negativu tatu, moja kwa ajili ya Ujerumani na nyingine mbili kwa ajili ya masoko ya nje, na picha zake hazikuwa zile zile hasa. Zilitokana na kamera zilizosimama kando kwa kando au na marudio tofauti ya tendo moja. Neno "asili", linalopigwa chapa kwa fahari kwenye majalada ya diski, halina basi maana moja iliyo wazi hata siku ya kuzaliwa kwa filamu.

METROPOLIS: KISA CHA HEL

Metropolis ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, ikiwa na urefu wa mita 4,189. Muda mfupi baadaye iliondolewa. Kampuni ya Paramount, iliyokuwa na haki ya kuisambaza Marekani, ilikuwa imemkabidhi mwandishi wa tamthilia Channing Pollock kazi ya kuifupisha, na Ufa nayo ikatoa Ujerumani, katika mwaka uo huo, toleo lililofuata mkato unaokaribiana na huo. Takribani robo ya filamu ilitoweka. Hadhira ya karibu dunia nzima, pamoja na vizazi vya wahakiki, iliifahamu filamu hii katika umbo hilo lililokatwa.

Ni nini kilichoondolewa? Jibu rahisi ni "dakika kadhaa". Jibu la kihakiki ni kwamba kiliondolewa kiini cha msuko. Katika filamu ya Januari 1927, mvumbuzi Rotwang na mtawala wa jiji Joh Fredersen walimpenda mwanamke mmoja, Hel. Hel aliolewa na Fredersen, akafariki alipomzaa Freder, shujaa wa hadithi. Rotwang amemjengea mnara wa kumbukumbu nyumbani mwake, nyuma ya pazia, na mtu-mashine anayemuunda ni jaribio la kumrudisha huyo marehemu. Pollock aliliondoa jina hilo pamoja na kisa chake, kwa hoja kwamba linafanana mno na neno la Kiingereza lenye maana ya Jehanamu.

Tuyatazame matokeo yake kwa jicho la usawiri wa wahusika. Bila Hel, Rotwang ni mwanasayansi mwendawazimu anayeunda mashine kwa sababu wendawazimu huunda mashine. Chuki yake kwa Fredersen haina chanzo. Anapomwandama Maria juu ya paa la kanisa mwishoni, tendo hilo linaonekana kuwa ni kitisho kilichopachikwa ili filamu ipate kilele. Hel akirudishwa, mambo hayo yote huungana. Rotwang anakuwa mjane asiye na haki ya kuitwa mjane. Mtu-mashine anakuwa tunda la msiba. Na kumwandama Maria kunatokana na fikra iliyovurugika inayomwona Hel ndani yake. Hata Freder hupata sura nyingine, kwa kuwa yeye ndiye aliyezaliwa kwa gharama ya uhai uliopiganiwa na wanaume wawili. Anayesema kwamba wahusika wa Metropolis ni vikaragosi anasema kweli kuhusu toleo alilolitazama. Tatizo ni kwamba anamtia Lang hatiani kwa kazi ya Pollock.

Historia ya kuyarejesha yaliyokatwa ni ndefu, na kila hatua yake imeacha alama sokoni. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder alitoa toleo la dakika zipatazo 83, lililotiwa rangi na nyimbo za pop, huku maandishi yakiwekwa chini ya picha mahali pa vibao. Enno Patalas wa jumba la makumbusho ya filamu la Munich alikamilisha mwaka 1987 kazi ya miaka mingi ya kulinganisha nakala, rekodi za ukaguzi na nota za muziki wa Gottfried Huppertz. Mwaka 2001 Martin Koerber, kwa niaba ya wakfu wa Friedrich-Wilhelm-Murnau, alitoa toleo lililokuwa safi kwa picha na lililokiri mapengo yake kwa maandishi. Wakati huo ilidhaniwa kwamba robo iliyokosekana haitapatikana kamwe.

Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba katika Museo del Cine la Buenos Aires kulikuwa na nakala ya milimita 16 iliyotokana na filamu ndefu. Msambazaji wa Argentina alikuwa ameichukua kabla ya mkato kuenea, kisha ikaingia katika mkusanyo wa mhakiki wa filamu Manuel Peña Rodríguez. Baadaye ilihamishwa kutoka ukanda wa naitreti hadi milimita 16 kwa kuhofia moto. Waliokuja kuitambua ni Fernando Martín Peña na mkurugenzi wa jumba hilo, Paula Félix-Didier. Dakika zipatazo 25 zilirudishwa, na toleo jipya likaonyeshwa Berlin na Frankfurt tarehe 12 Februari 2010, kisha likatolewa katika DVD na Blu-ray mwaka huo huo.

Linalostahili sifa katika toleo hili ni unyofu wake. Nakala ya Buenos Aires ilikuwa na mikwaruzo mingi, na picha yake ilipunguzwa ukingoni ilipohamishwa. Wahariri hawakuyaficha hayo. Sehemu zilizorudishwa zina mistari ya mvua na ukingo mweusi pale picha ilipomegwa, kiasi kwamba mtazamaji yeyote hutambua papo hapo ni wapi ameingia katika chanzo kingine. Mandhari mawili, yaani mahubiri ya mtawa kanisani na pambano la Rotwang na Fredersen, yalikuwa hayafai au hayakupatikana, na mahali pake pamewekwa maelezo. Hivi ndivyo afanyavyo mhariri mwadilifu wa mswada anapoweka mabano palipoliwa na mchwa. Toleo la 2010 ni bora kwa sababu linamwezesha msomaji kuiona kazi ya mhariri, na kwa hiyo kuipinga akitaka. Urefu wake peke yake usingetosha kulipa ubora huo.

Yafaa, hata hivyo, tusichukuliwe na furaha ya kilichopatikana. Shutuma nzito kabisa dhidi ya Metropolis haikuhusu wahusika. Kracauer (1947) aliona katika hitimisho lake, ambapo moyo unapatanisha ubongo na mikono, fikra ambayo watawala wa Kinazi wangeweza kuitumia bila shida: wafanyakazi wanapewa hisia badala ya haki, na mwenye jiji anabaki mwenye jiji. Lang mwenyewe baadaye alijitenga na wazo hilo. Hitimisho hili halikuwa miongoni mwa yaliyopotea; lilikuwapo siku zote. Dakika zilizorudi zinawapa nafasi mfanyakazi 11811, Josaphat na jasusi anayetumwa na Fredersen, na zinaufanya mji huo uwe na watu badala ya makundi tu. Lakini mkono wa msimamizi wa wafanyakazi bado unawekwa katika mkono wa bwana. Ukarabati umeirekebisha hukumu yetu juu ya msuko. Haukuigusa hukumu yetu juu ya itikadi. Mhakiki anayeshindwa kutenganisha mambo haya mawili atajikuta akiisamehe filamu kwa sababu tu imepata bahati ya kuokolewa.

JEANNE D'ARC: USO UPI?

Filamu ya Dreyer inatuletea tatizo la aina nyingine. Ilionyeshwa Copenhagen mwezi Aprili 1928, kisha ikakatwa na wakaguzi nchini Ufaransa. Desemba mwaka huo negativu yake iliteketea kwa moto Berlin. Dreyer hakukata tamaa: aliijenga filamu upya kutokana na marudio aliyokuwa ameyaweka kando, tendo kwa tendo. Negativu hiyo ya pili nayo iliaminika kuwa imeungua mwaka 1929.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Lo Duca alipata negativu ya toleo la pili, akaitoa upya huku akiongeza muziki wa enzi ya baroque, akibadilisha baadhi ya vibao kuwa maandishi ya chini ya picha, na kuviweka vingine juu ya picha za vioo vya rangi vya kanisani. Dreyer hakupendezwa. Toleo hilo ndilo lililosambaa kwa miongo mitatu. Mwaka 1981 nakala ya toleo la kwanza ilipatikana Norway, katika hospitali ya magonjwa ya akili karibu na Oslo, na ndiyo msingi wa matoleo yote muhimu ya diski tangu hapo.

Maana yake kwa uhakiki ni nzito. Filamu hii imesifiwa kuliko zote kwa picha za karibu za uso wa Falconetti. Wahakiki wengi wa kati ya 1952 na 1981 walichambua jicho, chozi na mtetemo wa mdomo kwa umakini wa mtu anayepima mizani ya ubeti, ilhali uso waliokuwa wakiuchambua ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ule ambao Dreyer aliuacha alipopata chaguo bora zaidi. Je, uhakiki wao ulikuwa bure? Hatudhani hivyo. Chaguo la pili la msanii mkuu bado ni lake, na Dreyer mwenyewe ndiye aliyeliunganisha. Hata hivyo, hoja yoyote iliyosimama juu ya chembe ndogo ya uigizaji, yaani juu ya sekunde hii na si ile, inahitaji kupimwa upya dhidi ya toleo la kwanza. Hii ndiyo gharama ya usomaji wa karibu usiojua unasoma nini.

DISKI KAMA TOLEO

Hadi hapa tumezungumzia picha zilizokuwapo na zisizokuwapo. Kuna maamuzi mengine matatu ambayo mhariri wa diski hawezi kuyakwepa, na ambayo mtazamaji huyapokea bila kujua kuwa ni maamuzi.

La kwanza ni mwendo. Filamu bubu hazikuwa na kasi moja ya kuonyeshwa. Toleo la Criterion la mwaka 2018 linatoa filamu ya Dreyer kwa fremu 24 kwa sekunde, ambapo huchukua dakika zipatazo 81, na kwa fremu 20, ambapo hufika dakika 97 hivi. Picha ni zile zile, lakini mahakama inayokwenda kwa haraka ina ukatili wa aina moja, na inayokwenda polepole ina ukatili wa aina nyingine. La pili ni muziki. Dreyer hakuacha muziki uliokubaliwa kuwa ndio wa filamu hiyo. Toleo hilo hilo la Criterion linampa mtazamaji tungo tatu, ikiwamo Voices of Light ya Richard Einhorn. Metropolis, kwa upande wake, ina nota za Huppertz, ambazo ziliwasaidia wakarabati kuujua mpangilio wa mandhari. Muziki huko ni ushahidi wa matini, si pambo.

La tatu ni rangi. Katika Nosferatu ya F. W. Murnau (1922), mandhari ya usiku yalipigwa mchana, kisha ukanda ukatiwa rangi ya samawati ili hadhira ielewe kuwa ni usiku. Nakala za rangi nyeusi na nyeupe zilizojaa sokoni kwa muda mrefu ziliiondoa ishara hiyo, na hivyo zikamfanya kiumbe anayekufa kwa mwanga wa jua atembee na jeneza lake jua likiwaka. Wapo watazamaji waliocheka, na haikuwa haki kumlaumu Murnau kwa kicheko chao.

Kwa upande mwingine, diski imetuletea kitu ambacho jumba la sinema halikuwa nacho. Maelezo ya sauti yanayoandamana na filamu, vijitabu vyenye historia ya nakala, na matoleo mawili au matatu katika kasha moja ni aina ya sherehe, kama ile iliyoandikwa na wanazuoni pembeni mwa matini. Toleo la Masters of Cinema la mwaka 2012 lilimpa mnunuzi filamu ya Dreyer katika kasi mbili, pamoja na toleo la Lo Duca. Hata Metropolis ya Moroder imetolewa katika Blu-ray, na ni vyema, kwa sababu hiyo nayo ni sehemu ya historia ya upokezi wa filamu hiyo.

Hapa ndipo mkusanyaji anapopata nafasi yake. Bila mkusanyo wa Peña Rodríguez, mandhari ya Hel yaliyokatwa yasingerudi katika filamu. Bila Kevin Brownlow, aliyeanza akiwa mvulana wa shule kwa vipande vya Napoléon ya Abel Gance katika ukanda mwembamba wa milimita 9.5 uliouzwa kwa matumizi ya nyumbani, filamu hiyo isingefikia urefu wa saa tano na nusu iliotolewa nao na taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, mwaka 2016. Nosferatu yenyewe iliamriwa na mahakama iharibiwe mwaka 1925, kwa kesi ya mjane wa Bram Stoker, na imetufikia kwa sababu amri hiyo haikuzifikia nakala zote.

Hata hivyo, mkusanyaji ana udhaifu wake. Hupenda ukamilifu, na kampuni zinazouza diski zinaijua tamaa hiyo. Kila toleo jipya hutangazwa kuwa ndilo la mwisho, na la zamani hugawiwa bure au kutupwa. Mtafiti hapaswi kumwiga. Anayetaka kuelewa kwa nini mhakiki wa miaka ya 1990 alimwona Rotwang kama alivyomwona, atalihitaji toleo alilolitazama mhakiki huyo. Toleo lililopitwa na wakati ni hati ya historia ya uhakiki, kama vile toleo la Hichens lingali hati hata baada ya mengine kulifuata.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu bubu iliyokarabatiwa ni matini iliyohaririwa, na kwamba uhariri huo unagusa msuko, uigizaji, mwendo, muziki na rangi. Metropolis inatufunza kuwa mkato unaweza kumnyang'anya mhusika sababu ya kuwako kwake, na pia kwamba kurudishiwa kwake hakumaanishi kuwa filamu imesafika kiitikadi. Filamu ya Dreyer inatufunza kuwa twaweza kuchambua kwa makini sana kitu ambacho msanii alikiweka kando.

Yafuatayo, kwa maoni yetu, yanastahili kuwa kanuni katika idara zinazofundisha filamu bega kwa bega na fasihi. Kila tasnifu itaje toleo lililotumiwa: mtoaji, mwaka, urefu, kasi na muziki. Maktaba za idara zisitupe kanda na diski za zamani kwa sababu tu kuna mpya. Na mwanafunzi anayetazama nakala fupi ya bure kwenye mtandao aambiwe kwamba anasoma mswada wenye kurasa zilizochanwa. Hakuna ubaya kuusoma mswada wa namna hiyo, madhali msomaji anajua ni kurasa zipi zilizochanwa na ni nani aliyezichana.